TAA YA VIFARANGA IKICHELEWA KUWAKA

Baridi ya Juni na Julai hapa kwetu Isansa huua vifaranga. Kama taa yao inawashwa na swichi ya saa, nayo ikachelewa kuwaka, tusikimbilie kusema swichi imekufa.

Kwanza, tutazame namba. Swichi hii huanza kuhesabu saa 6 usiku, kutoka 0 mpaka 24. Saa 1 usiku kwetu, kwake ni 19. Ukiweka 1, taa itawaka saa 7 usiku, vifaranga wameshaganda.

Pili, je, umeme ulikatika? Swichi ya kuzungusha isiyo na betri husimama. Umeme ukipotea kwa muda wa saa 2, nayo huchelewa saa 2. Irekebishe umeme ukirudi.

Ikinuka kuungua, zima umeme, mwite fundi. Usiifungue!