Koma Moja Tu, Madere Wakaomoka na Dola Milioni 5

Wasee wengi hudhani koma ni urembo wa sentensi. Uliza madere wa Oakhurst Dairy, kampuni ya maziwa kule Maine, Marekani. Walienda kortini wakidai doo ya ovataimu. Sheria ya Maine ilikuwa imeorodhesha kazi zisizolipiwa ovataimu, na orodha iliishia hivi: "packing for shipment or distribution". Hakuna koma baada ya "shipment".

Kampuni ikasema hizo ni kazi mbili, kupakia na kusambaza. Madere wakasema zii, ni moja tu: kupakia, iwe mzigo ni wa kutumwa ama wa kusambazwa. Na wao hawapakii, wanasambaza. 2017 korti ya rufaa ikaona sheria ina utata, na huko utata kama huo humfaidi mfanyakazi. 2018 kampuni ikakubali kutoa dola milioni 5.

Basi shika hizi tatu:

1. Kwa orodha, weka koma kabla ya "and" ama "or" ya mwisho.

2. Ukiita mtu, mtenge na koma. "Call me, boss" ni nipigie simu, mkubwa. "Call me boss" ni niite mkubwa. Utachekwa.

3. Sentensi mbili kamili hazishikani na koma pekee. "I sent my CV, I am waiting" ni noma. Weka nukta, ama ongeza "and".

Kabla usaini kontrakti yoyote, soma pole pole. Ganji yako inaweza kuwa imejificha hapo.