"Magazine" ya Mwingereza ni Ndugu ya Hazina Yetu

Jioni moja, baada ya sala ya Alasiri, tulikuwa tumeketi barazani katika Mji wa Kale hapa Mombasa, tukinywa kahawa. Akapita mtoto wa ndugu yangu, kijana wa chuo kikuu, ameshika kijitabu cha picha za rangi. Nikamwuliza, "Jarida gani hilo, mwanangu?"

Akacheka. "Ami, hii ni magazine. Na hilo jarida lenyewe si Kiswahili, ni Kiarabu. Lugha yetu ni ya kukopakopa tu. Kiingereza ndicho chenye maneno yake."

Baraza zima likanyamaza. Nami niliona haya, kwani sikuwa na jibu. Juu ya jarida alisema kweli. Usiku ule nikafungua makamusi, na niliyoyakuta humo ndiyo ninayotaka kukusimulia, msomaji wangu.

Neno "magazine" halikuzaliwa Uingereza. Katika Kiarabu, khazana ni kuweka kitu kikahifadhika. Mahali pa kukiweka ni makhzan, na pakiwa pengi ni makhazin. Neno hilo lilivuka bahari ya Mediterania pamoja na biashara. Mtaliana akasema magazzino, Mfaransa akasema magasin, na mwishoni mwa karne ya 16 likaingia katika Kiingereza. Hata Mreno, yule yule aliyeanza kuijenga Ngome yetu mwaka 1593, ghala huliita armazém, nalo latoka huko huko.

Maana yake ya kwanza kwa Waingereza ilikuwa ghala. Kisha likawa ghala la silaha na baruti, na ndiyo sababu hata kile kijisanduku cha risasi kinachochomekwa katika bunduki huitwa "magazine". Ama hii ya kusomwa ilikuja baadaye. Mwaka 1731 mpiga chapa mmoja wa London, Edward Cave, alianzisha The Gentleman's Magazine. Kila mwezi alikusanya habari, mashairi na makala kutoka magazeti mengi akayaweka pamoja, kama mtu ajazaye ghala. Jina likawanasa wote waliomfuata. Samuel Johnson, aliyewahi kumwandikia Cave, alipotoa kamusi yake mwaka 1755 aliitaja maana hiyo mpya, na jarida la Cave akalitaja pia.

Na sisi je? Kutokana na shina lile lile tuna neno hazina. Aliyesoma Sura Yusuf analijua: Nabii Yusuf (A.S.) alimwomba mfalme wa Misri amweke juu ya hazina za nchi, na neno lililotumika pale ni khazain. Leo fedha za serikali twasema ziko Hazina. Basi "magazine" iliyokuwa mkononi mwa kijana na hazina iliyo katika ulimi wetu ni watoto wa mama mmoja. Mmoja alipitia Italia na Ufaransa, na mwingine ukatufikia sisi Waswahili.

Kesho yake niliyaeleza hayo barazani, na kijana yupo. Bwana mmoja akaruka kwa furaha: "Kumbe Kiingereza chote kimetoka kwa Waarabu!" Nikamwambia la, hilo ni kosa la jana lililogeuzwa kichwa chini. Kiingereza kina asili yake, na Kiswahili kina asili yake ya Kibantu. Mtu, moto, maji, kula na kulala hatukumkopa mtu. Tena mkopo wa neno si kama mkopo wa fedha: aliyekopa harudishi, na aliyekopwa hapungukiwi.

Kijana akatabasamu. "Basi ami, Kiswahili hakina deni?"

Nikamjibu, "Deni ni letu sisi. Babu yako alikuwa nahodha. Niambie, foromali ni nini?"

Hakujua. Nikamwuliza mkuku, hakujua. Nikamwuliza ngama, akasema amelisikia katika methali tu. Na wenzake aliokuja nao nao pia wakatazamana. Maneno hayo hatukunyang'anywa na Mwingereza wala Mwarabu. Wazee wetu walikuwa nayo, nasi tuliokaa kati yao na vijana hawa hatukuyapokeza.

Ile haya niliyoiona siku ya kwanza ilinirudia, na safari hii ilikuwa na haki. Lugha haifilisiki kwa kukopa. Hufilisika pale wenyewe wanapoifungia hazina yao kufuli, funguo wakazitupa. Siku ile tulikaa mpaka adhana ya Magharibi, nikamweleza kijana kwamba foromali ni mti unaobeba tanga, mkuku ni uti wa chombo chini, na ngama ni tumboni mwake, maji yanapokusanyika. Sasa ile methali aliyoisikia tangu utotoni anaijua maana yake: kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.