Nani anamudai marehemu? Swali la maziko linalofuata Waislamu mpaka sokoni

Jeneza limewekwa mbele, watu wamepanga mistari nyuma ya imamu. Lakini mbele sala ianze, imamu anageuka na kuuliza: kuna mtu anayemudai marehemu? Kama yuko, ajionyeshe ao aone familia. Na mwenye kuweza kusamehe, asamehe. Mara nyingi mtoto ao ndugu wa marehemu anajibu kwa sauti: deni zake ziko juu yangu.

Kama umekwisha kusindikiza jirani Muislamu kwenye makaburi, Kasongo, Kindu ao Uvira, pengine umesikia maneno hayo. Wengine wetu tunashangaa. Mutu hajaingia hata kaburini, mumeanza kuongelea makuta?

Kwa Waislamu, pale ndipo mahali pake. Wanafundishwa kwamba kosa kati ya mtu na Mungu, Mungu anaweza kulisamehe, lakini haki ya jirani iko mikononi mwa jirani mwenyewe. Hadithi inayojulikana sana inasema maiti aliletwa mbele ya Mtume Muhammad ili amusalie. Akauliza kama ana deni. Wakajibu: dinari tatu, na hakuacha kitu. Mtume akawaambia wamusalie wao wenyewe. Ndipo Abu Qatada, mmoja wa wafuasi wake, akasema deni ile iko juu yake, na Mtume akasali. Baadaye hazina ilipopata mali, Mtume mwenyewe alianza kulipia maskini waliokufa na madeni.

Mutu anayejua swali hilo litaulizwa siku yake, anapaswa kuwa mwangalifu akiwa mzima. Aya ndefu kuliko zote katika Korani, ya 282 ya sura ya Bakara, haiongelei sala wala kufunga. Inaongelea namna ya kukopeshana: andikeni, dogo ao kubwa, wekeni siku ya kulipa, tafuteni mashahidi. Kwa hiyo kaye ya madeni kwenye butike, ama kwa mama anayeuza vikwembe, si alama ya kukosa imani kwa rafiki. Na aya mbili mbele ya hiyo, mwenye kudai anaambiwa: kama mudaiwa amebanwa, umupe muda, na ukimusamehe ni sadaka. Riba imekatazwa kabisa. Ile wanaita banque Lambert, ambapo unakopa dola 100 na mwezi ukiisha unarudisha 130 ao zaidi, Muislamu haruhusiwi. (Wako wanaofanya hivyo, tusidanganyane.) Likelemba haina shida, maana kila mtu anapokea sawasawa na alichotoa.

Mahali swali la imamu linauma zaidi ni nyumbani, kisha kilio kuisha. Tunajua desturi: ndugu wa bwana wanakuja kubeba televizyo, pikipiki, hata mabati. Sheria ya Kiislamu inaweka mpango. Kwanza gharama za maziko. Pili madeni yote. Tatu wasia, usiopita theluthi moja ya kinachobaki. Ndipo warithi wanagawana. Anayebeba pikipiki mbele deni hazijalipwa, amebeba mali ya watu wengine. Na kama mali haitoshi, warithi hawalazimishwi kulipa kutoka mufuko wao, hata kama kufanya hivyo ni tendo la kusifiwa.

Kuna jambo ambalo hata Waislamu wengi hawaliongelei: mjane mwenyewe anaweza kuwa anadai. Katika ndoa ya Kiislamu mahari ni mali ya bibi, si ya baba yake wala ya wajomba, tofauti na mbuzi ao ng'ombe tunazopeleka kwa wakwe. Mara nyingi sehemu inatolewa siku ya ndoa, sehemu inaachwa kwa baadaye, na miaka inapita. Bwana akikufa hajamaliza, ile sehemu ni deni kama deni ya butike. Inatoka mbele ya urithi, halafu mjane anapata na fungu lake la urithi. Mama anayekaa kimya siku ile, kwa haya ao kwa kuogopa mashemeji, anapoteza haki yake mwenyewe.

Mambo yakifika kwenye tribinali, Sheria ya familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa 2016, ndiyo inayofuatwa kwa raia wote bila kuangalia dini. Hapo karatasi ya ndoa iliyoandika mahari na mashahidi ina uzito kuliko neno la mdomo.

Na vita je? Benki zilifunga milango Goma, kisha Bukavu, mwanzoni mwa 2025. Watu wamekimbia, mwenye kudai yuko Burundi, mudaiwa yuko Uganda, simu haipiti. Walimu wa dini wanajibu kwamba deni haikimbii pamoja na mtu. Umutafute, ukimukosa utafute watoto wake. Ukikata tamaa kabisa, toa kiasi kile sadaka kwa niaba yake, lakini akirudi siku moja na kudai chake, unamulipa. Ndiyo maana pembeni ya kila jina katika kaye, ni vizuri kuandika kijiji cha mutu na namba ya simu ya ndugu yake mmoja.