Nilipanda maharage, mbona mahindi bado ya njano?

Swali hilo niliulizwa na mama mmoja mwenye ekari mbili, tena kwa hasira, na haki alikuwa nayo. Mimi ndiye niliyemwambia apumzishe mahindi, apande maharage, msimu unaofuata apunguze mbolea ya kukuzia. Akanisikiliza. Mahindi yakatoka ya njano, majani ya chini yakaungua kuanzia ncha, yakafuata mshipa wa katikati. Hiyo ni njaa ya naitrojeni. "Bwana shamba, maharage yako yameninyima unga," akaniambia.

Nilipomuuliza alivunaje, nikapata jibu. Aling'oa maharage na mizizi yake, akabeba yote nyumbani kupura, mabaki wakala ng'ombe wa jirani. Shambani hakikubaki kitu! Na mimi nilimwambia apande tu, ya kuvuna sikumwambia.

Mikunde hairutubishi ardhi kwa kupandwa tu. Kwenye mizizi kuna vinundu, na ndani yake wanaishi bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani na kuupa mmea. Sehemu kubwa inaingia kwenye punje, ambazo unakula au unauza. Ardhi inabakiwa na ile iliyo kwenye majani, mabua na mizizi. Ukiviondoa hivyo navyo, umeikopa ardhi badala ya kuilipa.

Kwa hiyo kata mmea usawa wa ardhi, mizizi ibaki. Pura kwenye turubai pembeni ya shamba, mabaki yatawanye. Kama una ng'ombe wako mwenyewe, sawa, wape, lakini samadi irudi palepale.

Pia kagua kama bakteria wanafanya kazi. Mmea ukianza kutoa maua, chimba kwa jembe miche mitano sehemu tofauti (usivute, vinundu vitabaki ardhini). Pasua kinundu kwa ukucha. Ndani kukiwa na rangi ya waridi au nyekundu, kazi inaendelea. Kikiwa cheupe au kijani, hamna kitu. Wanaopanda soya kwa mara ya kwanza mara nyingi wanakuta mizizi mitupu, maana bakteria wake hawapo kwenye udongo ule. Hao wanunue bakteria wa soya, wapake mbegu kivulini na kupanda siku hiyohiyo.

Halafu mikunde haifanani. Maharage ya kawaida ni mvivu kidogo, yanakomaa upesi na yanaacha kidogo. Karanga, kunde na soya zinafanya vizuri zaidi. Wenye kiduha shambani, hizi zinawafaa kwa sababu nyingine pia: mizizi yake inaamsha mbegu ya kiduha, inaota, inakosa pa kunyonya, inakufa.

Kwangu mimi mbaazi ndiyo bingwa. Inaanza polepole, haigombani na mahindi ukiichanganya, na inaangusha majani mengi yenyewe. Najua, ukitaja mbaazi watu wanakumbuka 2017, India ilipobana uingizaji na bei ikaanguka. Wengine hawataki hata kuisikia, siwalaumu. Usipande shamba zima basi. Tenga robo, kila mwaka uihamishe. Hata soko likigoma, mbaazi mbichi ni mboga.

Na mbolea usiiache ghafla. Fosforasi mikunde haikuletei, tena yenyewe inaihitaji ili itengeneze vinundu.

Yule mama hakuniacha, namshukuru. Mwaka jana nusu ya shamba aliweka kunde, akakata badala ya kung'oa. Msimu huu kapanda mahindi palepale. Mbolea ya kukuzia kapunguza kidogo tu, na mistari mitatu hajaiwekea kabisa. Anasema safari hii hataki maneno yangu, anataka kuona mwenyewe.