Mlango wa Ghala Usiofungika Sawasawa

Mlango wa ghala la chama ukikataa kufungika, shauri la kwanza hutolewa kwamba aitwe seremala aupige randa. Shauri hilo mara nyingi ni la haraka mno. Ubao uliovimba kwa masika hunywea ukikauka, na mlango uliopunguzwa wakati wa mvua huacha mwanya kiangazi kizima. Humo hupita panya. Na kahawa ambayo wanachama wameikausha hadi unyevu wa asilimia 12 hupata unyevu tena.

Katibu na aanze na bawaba. Mlango ufunguliwe nusu, kisha unyanyuliwe kwa upande wa kitasa. Ukiinuka hata kidogo, kosa limo katika bawaba, na kwa kawaida ni ile ya juu: skrubu zimelegea katika matundu yaliyopanuka. Kuzikaza zilezile hakufai kitu. Matundu yazibwe kwa vijiti vya mti mgumu vilivyopakwa gundi, na gundi ikikauka zitiwe skrubu ndefu zaidi.

Usipoinuka, timazi iteremshwe kando ya fremu. Fremu iliyolala upande ni kazi ya mwashi. Ikiwa imesimama wima, ndipo ubao ushukiwe. Nao ungojewe ukauke, uchongwe penye alama ya kusuguana tu, kisha upakwe rangi, pamoja na kingo za juu na chini ambazo mafundi wengi huzisahau.

Wakati wa kungoja, magunia yasogezwe mbali na mlango, na mlinzi aarifiwe kwa maandishi kwamba komeo halifiki mahali pake, maana kufuli lililotundikwa hapo huonekana kwa mbali kama limefunga.