Kopo la Munkoyo Lipimwe Vipi?

Makomeno, kama mitaa mingine ya Lubumbashi, kopo la plastiki hupita midomo mingi kwa siku. Mteja akimaliza munkoyo wake, kinywaji cha mahindi kilichochachushwa, kopo linatumbukizwa ndooni, linatikiswa, linajazwa tena. Kwa macho liko safi. Maabara ndiyo ya kuulizwa, ila ikiulizwa vibaya hujibu vibaya.

Mwaka 1909 jimbo la Kansas, Marekani, lilipiga marufuku kopo la pamoja kwenye treni na shuleni, kwa msukumo wa daktari Samuel Crumbine. Baadaye wakaguzi wa nchi hiyo wakazoea kipimo cha kuhesabu vijidudu vyote: visizidi 100 kwa chombo. Kwa kopo la maji, sawa. Kwa munkoyo, kipimo hicho kinapotosha. Uji wa mahindi uliotiwa mizizi huchachushwa na hamira na bakteria wa asidi ya laktiki, na tone moja lililobaki laweza kubeba maelfu yao, wasiomdhuru mnywaji. Hata kile kifaa cha kupima ATP, kinachotoa jibu kwa sekunde chache, kitashtuka bure, kwa kuwa kila chembe hai ina ATP.

Basi tutafute E. koli, mkazi wa utumbo. Akionekana, kinyesi kimefika koponi kwa njia fulani. Kijiti cha pamba kisicho na vijidudu kinaloweshwa, kisha kinasuguliwa ukingo mzima, ndani na nje, pale midomo inapogusa, huku kikizungushwa. Kama ndoo ina javeli, yaani dawa ya klorini, maji ya kubebea sampuli lazima yawe na thiosalfati ya sodiamu. Bila hiyo klorini inaendelea kuua vijidudu njiani, na kopo chafu linatangazwa safi. Hili ndilo kosa ninaloliogopa kuliko yote, kwa sababu halionekani kwenye ripoti. Sampuli isafiri kwenye baridi. Kwenye chakula maalumu cha maabara, nyuzi 44, E. koli huonekana kesho yake kama madoa ya buluu-kijani.

Akipatikana, msimlaumu mama muuzaji wala msikimbilie kununua makopo mapya. Pimeni maji ya ndoo. Humo ndimo midomo yote inamokutana, na mabaki ya mahindi humaliza nguvu ya javeli mapema, hata kama asubuhi ilitiwa ya kutosha. Wengine husema uchachu wa munkoyo unaua kila kitu. Kweli uchachu huzuia vijidudu vingi, lakini maji ya kusuuzia huuzimua. Na asipopatikana, tusishangilie sana: huku Katanga, eneo la Lubumbashi, kipindupindu si mgeni, na kijidudu chake hakionekani kwa kipimo hiki.

Ili kulinganisha, mkaguzi achukue sampuli kwa jozi: kopo lililotoka tu ndooni, na jingine la ndoo hiyohiyo lililopinduliwa kwenye waya likakauka bila kufutwa kwa kitambaa. Achague pia moja jipya na moja lililokwaruzwa, maana ndani ya mikwaruzo uchafu hushika usifikiwe na sabuni.