Mwenye kujaribu asilipishwe amende



Wakati nilianza kazi ya agronomu, niliwafundisha wakulima jambo moja: ukiona ugonjwa wa kunyauka wa migomba (BXW), ng'oa shina lote pamoja na watoto wake. Ugonjwa huo ulionekana mu inchi yetu mwaka 2001, kule Masisi, na shauri lilikuwa hilo. Mu kikundi kimoja tuliongeza hata amende kwa mwenye kukataa.

Siku moja mzee mmoja wa kikundi kile aliniita pembeni, akanipeleka nyuma ya nyumba yake. Hakung'oa kitu. Alikata tu migomba yenye kugonjwa, na watoto wa pembeni walikuwa wanabeba mikungu mizuri. Nikamuuliza juu ya nini hakusema mu mukutano. Akajibu: «Ningesema, mungenilipisha.»

Mzee yule alikuwa ameona kweli. Wachunguzi, hata wale wenye kufanya kazi hapa Kivu, walihakikisha kwamba mikrobe haifikie kila mara watoto wote wa shina. Njo ilitoka njia ya kukata mgomba mgonjwa peke yake:

- Pitia shamba kila juma; kata mgonjwa chini kabisa, karibu na udongo.
- Pitisha panga mu moto mbele ya kugusa mgomba mwingine.
- Toa ua dume kwa kijiti chenye panda, hapana kwa kisu. Wadudu wanaingiza ugonjwa pale.

Pale migomba karibu yote inagonjwa, kung'oa na kupanda upya kungali lazima.

Lakini ninajiuliza mpaka leo: miezi ile mzee alinyamaza, majirani waling'oa migomba mingapi bure? Hasara ile hatuwezi kuisukumia ugonjwa. Ilitoka ku amende yetu.

Kwa hiyo ninaomba kila koperative ikubali kujaribu, lakini kwa mpango:

1. Jaribu mu kipande kidogo. Pembeni yake, ulime kipande sawasawa kwa njia ya zamani, juu ya kulinganisha.
2. Badilisha kitu kimoja tu. Ukibadilisha mbegu na mbolea pamoja, hautajua ni nini ilisaidia.
3. Andika tarehe, mbegu na mavuno. Kama hauandike, mtoto wa masomo akusaidie. Pima kwa ndoo ileile.
4. Kama jaribio linaweza kuumiza shamba la jirani, kama vile kubakisha mimea yenye ugonjwa, ambia kamati na jirani kwanza.
5. Matokeo mabaya pia yasemwe mu mukutano, na mtu asichekwe. Kushindwa kwa mmoja ku mistari miwili kunaokoa mashamba ya wengi.

Mu masomo ni vilevile. Shamba la masomo lisikuwe mahali pa kupatia watoto azabu. Mwalimu awapatie vipande viwili vya maharagi, kimoja na mboleo ya kuoza, kingine bila, wahesabu wenyewe. Mtoto mwenye kuzoea kuuliza leo, kesho atakuwa mwanamemba mwenye kusema.

Mu mukutano wenu unaokuja, mbele ya kuongea mambo ya feza, prezida aulize: «Nani amejaribu nini, na ameona nini?» Kisha sisi wote, hata agronomu, tunyamaze tumusikilize.